Mlima wa jangwani mkiwa kundi: mlale chini au mlale juu?

Kundi likishakubaliana kwenda kupanda mlima ulio katikati ya jangwa, ubishi unaofuata huwa mmoja: tupige kambi wapi? Wapo wanaotaka kambi moja tu chini, pale magari yanapoishia, kisha watu waamke usiku wa manane, wapande na kurudi kabla jua halijawa kali. Na wapo wanaotaka kila mtu abebe chake, kundi lilale juu kwenye bega la mlima, yaani sehemu iliyolala kidogo chini ya kilele, na kushuka siku ya pili.

Pande zote mbili zina hoja. Kinachonisumbua ni kwamba uamuzi huu mara nyingi hufanywa kwa kutazama picha za macheo zilizopigwa na wengine, ilhali kinachopaswa kuamua ni maji, na baada ya maji ni mwendo wa mtu wa mwisho kwenye msafara. Anayeongoza kundi anabeba roho za watu, kwa hiyo nitaandika kwa namba kila panapowezekana.

Mzigo wa maji

Mtu anayetembea mlimani kwenye joto kavu huhitaji kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa kila saa ya mwendo. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Ukishika namba hizo mbili, sehemu kubwa ya ubishi inakwisha.

Chukua kundi la watu 10 na mlima unaohitaji saa 8, kwenda na kurudi. Mkilala chini, sehemu kubwa ya kupanda inafanyika gizani hewa ikiwa ya baridi, kwa hiyo lita 5 kwa kila mtu zinatosha na akiba kidogo inabaki. Begi la mgongoni lina maji hayo, vitafunwa, koti, tochi ya kichwani na dawa chache: kilo 8 hivi. Maji mengine yote yako kambini kwenye madumu, kivulini, yakiwasubiri.

Mkilala juu, hesabu inabadilika. Kupanda na mzigo, lita 4. Kwenda kileleni na kurudi kwenye hema, lita 2. Kupika na kunywa kuanzia mchana hadi alfajiri, lita 3. Kushuka, lita 2. Jumla ni lita 11 kwa mtu mmoja, na kwa kundi zima ni kilo 110 za maji pekee. Bado hujaweka hema, begi la kulalia, jiko, chakula na nguo za baridi, vitu ambavyo hata vikichaguliwa kwa makini vinafika kilo 8 au 10 kwa kila mtu. Kwa hiyo mtu anaanza kupanda akiwa na kilo 20 mgongoni. Wapandaji wengi hufuata kanuni kwamba mzigo usizidi takriban sehemu ya tano ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 65 hizo ni kilo 13. Na mzigo ukizidi, jasho linazidi, na yale maji uliyoyapigia hesabu nyumbani hayatoshi tena.

Hapo ndipo kambi ya juu inapowashinda watu wengi, na wengi hawajui kwamba wameshindwa mpaka wafike katikati ya njia na chupa ya tatu iko tupu.

Iko milima ambayo haikupi hiari. Königstein, kilele cha Brandberg nchini Namibia, kina urefu wa mita 2,573 na ndicho kirefu kuliko vyote nchini humo. Hakuna njia iliyochongwa, ni kurukaruka juu ya mawe makubwa, na kwa kawaida safari huchukua siku tatu au zaidi. Wanaopanda hutegemea maji ya mvua yaliyobaki kwenye mashimo ya miamba, na mashimo hayo yanaweza kuwa makavu. Mlima wa namna hiyo hauendi na kundi mchanganyiko la marafiki wa kazini. Unaenda na watu wachache waliozoea, pamoja na mwongozaji wa eneo anayejua ni shimo gani lina maji mwezi huu.

Upande wa pili kuna Jebel Musa huko Sinai, Misri, wenye mita 2,285. Monasteri ya Mtakatifu Katarina iko chini yake, kuna njia pana ya ngamia inayofika karibu na kilele, na wengi huondoka saa nane au saa tisa usiku ili jua liwakute juu. Kulala chini kunatosha kabisa pale. Ukiona njia nzuri na kilele kilicho karibu namna hiyo, usiwabebeshe watu hema kwa ajili ya fahari.

Kati ya hizo mbili kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote: kuweka akiba ya maji njiani. Siku moja kabla, watu watatu wenye nguvu wanapanda na madumu ya lita 5 au 10 hadi nusu ya njia na kuyaficha mahali penye kivuli siku nzima, chini ya mwamba unaotazama upande usiopigwa na jua. Yanaandikwa jina la kundi na tarehe, na mahali panawekwa alama kwenye ramani ya simu za watu wawili, wala si simu moja. Mkishuka mnarudi na madumu matupu. Kwa kazi hiyo ya nusu siku, kundi zima linapanda likiwa na mzigo mwepesi na bado lina maji ya kutosha wakati wa kushuka, wakati ambao kila mtu huwa amekaukiwa. Kama eneo lina ngamia au punda wa kukodi, mnyama anaweza kufanya kazi hiyohiyo mpaka pale miamba inapoanza kuwa mikali kwa kwato zake.

Jambo moja kuhusu maji halibadiliki popote mtakapolala, nalo ni chumvi. Mtu akinywa maji mengi matupu kwa saa nyingi huku akitoka jasho, kiwango cha sodiamu kwenye damu kinashuka. Anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anachanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni kiu wanamwongezea maji. Hali hiyo inaweza kuua. Kila mtu abebe pakiti za dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na kila kituo cha kupumzika kiwe pia kituo cha kula kitu chenye chumvi.

Saa ya kushuka ni muhimu kuliko saa ya kupanda

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni ambayo wapandaji wanaitumia hadi leo: hesabu takriban saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye afya asiyesimama. Kundi lina kufunga kamba za viatu, kusubiriana, kupiga picha, kutafuta pa kujisaidia. Mimi huongeza karibu nusu ya muda.

Tuchukue njia ya kilomita 6 yenye kupanda mita 1,200. Naismith anakupa saa 3 na dakika 12. Kwa kundi fanya saa 4 na nusu. Mkiondoka saa tisa usiku mko kileleni saa moja na nusu asubuhi, mnakaa nusu saa, mnashuka kwa saa 3, na saa tano mko kambini chini ya turubai. Kambi ya chini inashinda bila upinzani.

Sasa chukua njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 1,700. Kanuni inasema karibu saa 5, kundi litatumia saa 7 au zaidi. Ukiondoka saa ileile ya tisa usiku, unafika juu saa nne asubuhi na kurudi kambini karibu saa kumi alasiri. Hapa mlima wa jangwani unatofautiana na milima mingine: unaposhuka unaelekea kwenye joto. Kila mita 1,000 za kushuka huongeza nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi, hasa hewa ikiwa kavu, kwa hiyo kundi lililochoka linafika sehemu ya chini kabisa wakati wa jua kali kabisa. Hifadhi ya Taifa ya Death Valley huko Marekani huwashauri wageni wasitembee kwenye maeneo ya chini baada ya saa nne asubuhi wakati wa kiangazi. Mpango unaowaweka watu bondeni saa nane mchana ni mpango mbaya, hata kama kila mtu ana viatu vizuri.

Kwa mlima huo wa pili, kulala juu ndiyo njia salama zaidi, ila kwa sharti ambalo wengi hulisahau. Wakilala juu, wanataka macheo kileleni. Wanaamka, wanakwenda kileleni, wanarudi kwenye hema, wanakunja vitu, wanaanza kushuka saa tatu, na saa saba mchana wamo bondeni. Wamebeba kilo 20 mgongoni ili wafikie joto lilelile walilokuwa wanalikimbia.

Geuzeni ratiba. Siku ya kwanza ondokeni saa kumi alfajiri, fikeni kwenye kambi ya juu kabla ya saa tano, mpumzike kivulini mchana wote. Saa tisa alasiri pandeni kilele mkiwa na begi dogo tu, mtazame machweo yakianza, na mrudi kwenye hema kabla giza halijashika. Siku ya pili mnashuka kwa mwanga wa kwanza, na saa tatu au nne mko chini. Machweo jangwani hayana upungufu wowote yakilinganishwa na macheo, na kivuli cha mlima kikinyooka juu ya tambarare kinaonekana vizuri vilevile. Lakini ratiba hii inahitaji kivuli cha kweli pale kambini: mwamba mkubwa, pango, au turubai na mahali pa kuifunga. Bega la mlima lisilo na kivuli halifai kwa kambi ya mchana.

Usiku

Watu wanajua jangwa kwa joto, wanasahau baridi. Hewa kavu na anga lisilo na mawingu huachia joto la ardhi litoroke haraka mara jua likizama, na tofauti ya mchana na usiku inaweza kupita nyuzi 20. Eneo la Mtakatifu Katarina huko Sinai hupata theluji wakati mwingine wa majira ya baridi. Kwa hiyo koti na kofia ya sufu ni lazima kwa kambi zote mbili.

Kuna kitu kinachoshangaza wengi: si lazima kambi ya juu iwe ya baridi zaidi. Hewa ya baridi ni nzito, hutiririka kutoka miteremkoni usiku na kujikusanya kwenye sakafu ya bonde. Mara nyingi kibaraza, yaani sehemu tambarare kwenye mteremko, kilicho mita 40 au 50 juu ya sakafu hiyo huwa na uvuguvugu kuliko bondeni penyewe. Mkiamua kulala chini, tafuteni kibaraza hicho.

Sababu kubwa zaidi ya kutafuta kibaraza ni maji ya ghafla. Sakafu ya korongo kavu inavutia: mchanga laini, imesawazika, haina mawe. Imesawazishwa na mafuriko. Tarehe 12 Agosti 1997 watembezi 11 walikufa ndani ya korongo la Antelope huko Arizona, Marekani, kwa mvua iliyonyesha kilomita kadhaa kutoka walipokuwa. Oktoba 2018 mafuriko ya ghafla karibu na Bahari ya Chumvi, Yordani, yaliua zaidi ya watu 20, wengi wao watoto waliokuwa kwenye safari ya shule. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Angalieni kuta za korongo: mkiona vijiti na nyasi kavu vimenasa kwenye vichaka usawa wa kifua, hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Hema liwe juu ya alama hiyo, na gari pia.

Kwa hili kambi ya juu ina nafuu kubwa, ila inalipia kwa upepo. Juu hakuna kizuizi, na ardhi ni mwamba au changarawe isiyoshika kigingi. Hata chini, vigingi vya kawaida vya hema havishiki kwenye mchanga. Njia inayofanya kazi ni hii: chukua mfuko mdogo wa nguo, ujaze mchanga, ufunge kamba ya hema katikati yake, chimba shimo la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, ulaze mfuko kwa upande ukikingamana na kamba, kisha fukia na ukanyage mpaka pawe pagumu. Vuta kamba kwa nguvu zako zote. Ikisogea, chimba tena. Kwenye mwamba, zungushia kamba jiwe zito na uweke jingine kubwa zaidi mbele yake. Fanyeni hivyo mchana upepo ukiwa umetulia, maana hema likishaanza kupepea gizani mikono kumi haitoshi kulishika.

Watu wenyewe

Kundi la watu 10 karibu kila mara lina mtu mmoja ambaye magoti yanamsumbua, mwingine ambaye hakufanya mazoezi aliyoahidi, na mwingine aliyekuja kwa sababu mwenzake anakuja. Kambi ya chini inawapokea wote. Asiyetaka kupanda anabaki, anayechoka nusu ya njia anarudishwa, na hakuna anayeharibu safari ya mwenzake. Mpango wa kambi ya juu hauna mlango huo: hema la watu watatu limegawanywa kwenye mabegi matatu, na mmoja akirudi, wawili wanabaki na nguzo bila turubai. Kwa hiyo mchujo lazima ufanyike kabla ya safari, kwa matembezi ya majaribio yenye mzigo uleule. Ni vigumu kumwambia rafiki kwamba safari hii si yake, lakini ni rahisi kuliko kumbeba.

Vipi mtu akipatwa na kiharusi cha joto? Dalili ya kuogopa ni akili: anajibu ovyo, anayumba, anakasirika bila sababu. Mwili wake umepita nyuzi 40 na kila dakika ina thamani. Apozwe palepale, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji, apepewe, kabla ya kufikiria kusafirishwa. Kambi ya chini ina maji ya kumwaga na gari la kuwasha. Kambi ya juu ina maji ya kunywa tu. Ninapokuwa na watu ambao sijawahi kutembea nao kwenye joto, sababu hii peke yake inanitosha kuchagua chini.

Wanaobaki kambini wawe wawili angalau. Wawe na ufunguo wa gari na waijue saa ya kugeuka, yaani saa ambayo kundi litageuza hata kama kilele kiko mita 100 mbele, pamoja na saa ambayo wao wataomba msaada wasipoona mtu. Andikeni saa zote mbili kwenye karatasi. Kundi lililolala juu mara nyingi halina mtu wa namna hiyo chini, na hilo ni pengo: tafuteni mtu mjini au kijijini wa kuachiwa saa hizo.

Mambo madogo yanayohama upande

Kupika: chini mnaweza kupika chochote; juu chagueni chakula kinachohitaji maji ya moto tu. Kuni msikusanye popote, mti mkavu wa jangwani ni makazi ya viumbe, tumieni jiko la gesi. Choo: ardhi kavu haiozeshi kitu haraka, kwa hiyo karatasi inarudi na mwenyewe kwenye mfuko, na kambi ya chini yenye watu wengi inahitaji mahali pamoja palipokubaliwa, mbali na mkondo wowote. Nge: wako chini na juu, viatu vikung'utwe asubuhi, tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno huwafanya wang'ae kijani, na dakika mbili za kuizungusha kuzunguka hema zinaleta usingizi. Mwezi: kwa kupanda usiku kutoka kambi ya chini, tarehe ya karibu na mwezi mpevu ni bora sana, kwa kambi ya juu mwezi hauna uzito, na usiku wa giza unawapa nyota.

Kibali nacho kiulizwe mapema. Hifadhi nyingi zinaruhusu kupanda na kukataza kulala juu, na sehemu nyingine mlima ni mahali patakatifu pa wenyeji. Huko Sinai hupandi bila mwongozaji Mbedui. Jibu la wenyeji likiwa hapana, mjadala wa kambi ya juu umefungwa.

Ningechagua vipi

Kundi la watu zaidi ya sita, wenye uwezo tofauti, mlima ambao hesabu ya kundi inawarudisha kambini kabla ya saa sita mchana: lala chini, kwenye kibaraza, na weka akiba ya maji nusu ya njia. Sioni sababu ya kusita.

Watu wanne hadi sita waliokwisha kutembea pamoja, mlima mrefu, kuna kivuli juu na maji ya uhakika au mnyama wa kuyabeba: lala juu, na kilele kiwe cha jioni.

Mkiwa katikati ya hali hizo mbili, ipo kambi ya tatu. Acheni hema chini. Bebeni begi la kulalia na maji tu, lala nusu ya njia pale mlipoficha madumu, juu ya mwamba ulio wazi, kisha ondokeni saa kumi alfajiri. Mzigo unapungua, njia ndefu inakatwa vipande viwili, na yeyote atakayeamka hajisikii vizuri yuko karibu na gari. Inafaa usiku usio na upepo mkali peke yake, na inadai mtu aliyekwisha kupaona mahali penyewe kwa macho yake.

Na ikiwa siku mbili kabla ya safari utabiri unaonyesha mvua ya radi popote kwenye milima inayomwaga maji kwenye bonde lenu, chini kuna mafuriko na juu kuna radi. Sogezeni tarehe.